Kama ni wa kumwambia, mwambie akiwa mbele yako

Juzi usiku, nikiwa kwenye mapumziko ya zamu, nilifungua simu nikakuta ujumbe wa kijana mmoja mwenye asili ya Bukavu. Yuko jimbo jingine hapa hapa Marekani, anagombea baraza la mji wao, na mdahalo wa mchujo ni wiki ijayo. Ameniandikia kwa kile Kiswahili chao kitamu: "Mama, ule mukubwa mwenye anaongoza, nimushambulie ao nimuache?"

Nilicheka, kisha kicheko kikanikwama kooni. Swali hilo niliuliza mimi mwenyewe mwaka 2022. Nilijibiwa na watu wanaonipenda, na jibu lao lilinigharimu. Kwa hiyo kijana wangu, pamoja na ninyi nyote mnaonisoma huku fomu za kugombea mmezificha kwenye droo (mko wengi, mnaniandikia), acheni nijibu hadharani.

Mshambulie. Mshambulie yeye anayeongoza, si hao mnaofukuzana nao nyuma yake. Na umshambulie akiwa pale pale anakusikia. Mengine yote nitakayosema leo ni kulirudia hilo.

Mimi nimelelewa Kisauni, Mombasa. Mtoto wa kike wa Kisauni miaka ile alifundishwa kwamba mkubwa hajibiwi. Ukitumwa unakwenda, ukikemewa unainamisha macho. Nilikuja Minnesota na adabu hiyo kwenye sanduku, pamoja na leso mbili na chupa ya achari ya embe. Achari iliisha mwezi wa kwanza. Adabu ilibaki miaka kumi na tisa, mpaka usiku ule wa mdahalo.

Habari za fomu, ada na kubisha milango kwenye joto la Julai nitaziruka. Zinachosha hata kusimulia. Niseme tu kwamba mji wetu ni mmoja wa ile inayouzunguka Minneapolis, uchaguzi wa baraza hauna vyama, na wagombea wakizidi wawili tunachujwa Agosti: wawili wa juu wanakwenda Novemba, wengine wanarudi nyumbani. Tulikuwa watatu. Diwani mwenyewe, mzee aliyekalia kiti miaka kumi na miwili na anayejua majina ya mbwa wa kila mtaa. Kijana mmoja, mwanasheria, viatu vinang'aa. Na mimi, mhudumu wa wazee wa zamu ya usiku, niliyesimamishwa na akina mama wa chama chetu waliochanga na kuuza mahamri na mbaazi hadi tukapata pesa za vipeperushi.

Na hapa nijisifu kidogo, maana hakuna atakayenisifia. Kazi ya kumchunguza yule mzee niliifanya mimi. Nilisoma kumbukumbu za vikao vya baraza vya miaka miwili, ukurasa kwa ukurasa, saa tisa za usiku, wazee wangu wakiwa wamelala. Humo nikakuta jambo. Kuna jengo la kupangisha upande wetu ambalo mtambo wa kupasha joto uliharibika Januari. Asiyeijua Januari ya Minnesota amshukuru Mungu. Familia zililala na makoti, na baadhi yao ni watu wetu. Baraza lilipokutana kujadili ukaguzi wa majengo hayo, kiti cha diwani wetu kilikuwa kitupu. Kikao kilichofuata, kitupu tena.

Nikachapisha kipeperushi. Maneno mawili makubwa juu: ALIKUWA WAPI? Watu walikipenda. Mwanamke mmoja asiyenijua alikibandika kwenye mlango wa jengo lile lile.

Siku moja kabla ya mdahalo nikapigiwa simu na mzee wa jumuiya yetu, mtu ninayemheshimu hadi leo. "Mwanangu," akaniambia, "sisi hapa ni wageni. Usimvunjie mzee wa watu heshima mbele ya kadamnasi. Uchaguzi utapita, na sisi tutakuwa bado tunamhitaji." Nikamwambia, "Naam, mzee." Nilikuwa na miaka arobaini na saba na nikajibu kama niliyetumwa dukani.

Mdahalo ulikuwa maktaba ya mji. Sekunde 90 kwa jibu, kengele ndogo ya mezani, chupa za maji. Katikati ya mdahalo, mama aliyekuwa anauendesha akainua kipeperushi changu na kusema: kipeperushi hiki kinauliza diwani alikuwa wapi usiku ule, na diwani yupo hapa, je, ungependa kumwuliza?

Mlango umefunguliwa, nimekaribishwa, kiti nimevutiwa. Mimi nikasema: "Namheshimu sana diwani. Ameutumikia mji huu kwa muda mrefu. Sote tuna udhuru wakati mwingine." Nikameza mate. Sekunde zilizobaki nikazijaza kwa hadithi ya safari yangu kutoka Mombasa, ambayo hakuna aliyeiuliza.

Binti yangu alikuwa safu ya tatu. Alinitazama mara moja, kisha akaangalia simu yake.

Kijana wa viatu vinavyong'aa akachukua zamu yake. "Kama yeye haulizi," akasema, "nitauliza mimi. Diwani, ulikuwa wapi?" Mzee akababaika, akasema itabidi aangalie kalenda yake. Ukumbi ukacheka. Kesho yake lile jengo lisilo na joto lilikuwa jambo la yule kijana. Utafiti wangu, usingizi wangu, kipeperushi changu. Alinipita kwa kura 61 na kwenda Novemba. Mimi nilikwenda kazini.

Najua utakachosema: diwani angepita mchujo vyovyote vile, mshindani wako halisi alikuwa kijana. Hesabu hiyo ni sahihi, na ndiyo iliyoniponza. Nafasi ya pili ilikuwa ya yule atakayeonekana anaweza kumkabili wa kwanza. Watu hawakuwa wanatafuta aliye mpole kuliko wote. Mpole tayari walikuwa naye, amekalia kiti miaka kumi na miwili.

Baada ya kulia (nililia, wiki nzima) nilianza kutazama midahalo ya zamani ya mchujo wa urais wa nchi hii, na hapo nikakutana na pacha wangu. Anaitwa Tim Pawlenty, aliwahi kuwa gavana wa Minnesota hii hii. Juni 2011 alikuwa anasaka tiketi ya urais ya chama cha Republican, anayeongoza akiwa Mitt Romney, aliyewahi kuwa gavana wa Massachusetts. Jumapili moja, kwenye televisheni, akayaunganisha majina ya Obama na Romney kuwa neno moja, kukebehi sheria ya afya ya Romney iliyofanana na ya Obama. Kesho yake wakakutana jukwaani, jimbo la New Hampshire. Mwendesha mdahalo akamwuliza: lile neno ulilosema jana, Romney huyu hapa, mbona hulisemi? Pawlenty akazungukazunguka, akamtaja Obama, neno akalimeza. Agosti alikuwa ameshajitoa. Niliirudia video ile mara sita. Uso ule naujua, ni uso wangu pale maktaba.

Kumsema mtu kwa kipeperushi kisha ukamwamkia jukwaani ni kuwaambia wapiga kura kwamba hata wewe huamini ulichoandika.

Sasa kosa la pili, ambalo wengi wanalifanya wakidhani wao ndio majasiri. Wahenga walisema vita vya panzi furaha ya kunguru, na sijui kama kuna mahali methali hii imetimia kama Manchester, New Hampshire, tarehe 6 Februari 2016. Kwenye mdahalo wa Republican, Chris Christie, gavana wa New Jersey, alimvaa seneta Marco Rubio, akamwambia anakariri hotuba ya sekunde 25. Rubio, masikini, akajibu kwa kuikariri tena ile ile. Yalikuwa maangamizi. Siku tatu baadaye New Hampshire ikapiga kura, Rubio akawa wa tano, Christie mwenyewe akawa wa sita na kesho yake akaacha mbio. Aliyeshinda kwa asilimia 35 alikuwa Donald Trump, aliyekuwa amesimama jukwaa lile lile akiwatazama. Upande wa Democrat, seneta Elizabeth Warren naye Februari 2020 kule Las Vegas alimchambua bilionea Michael Bloomberg mpaka huruma ikakushika. Lakini aliyekuwa anaongoza usiku ule alikuwa seneta Bernie Sanders. Wiki mbili baadaye Bloomberg alikuwa ameondoka, na Warren akafuata kesho yake, baada ya kuwa wa tatu kwenye jimbo lake mwenyewe la Massachusetts.

Kupiga si kazi. Kazi ni kujua kunguru ni yupi.

Na usisubiri. Agosti 2023 Republican wanane walipanda jukwaani Milwaukee, na Trump hakuja. Wakaulizwa nani angemuunga mkono hata akitiwa hatiani mahakamani. Sita wakanyoosha mikono. Walibaki kuraruana wenyewe kwa wenyewe miezi minne, na Januari 2024, Nikki Haley na Ron DeSantis wakiwa bado wanavutana mashati Des Moines, Trump alikuwa kituo kingine cha televisheni saa ile ile. Siku tano baadaye akachukua Iowa, jimbo la kwanza kupiga kura ya mchujo, kwa asilimia 51. Sisi Wakenya tunaijua tabia hii ya mwenye nguvu kuukimbia mdahalo: 2017 tulimwona Raila amesimama peke yake, 2022 zamu ikawa ya Ruto. Mzee asipokuja, liongelee lile pengo lake. Mimi pengo la kiti nilikuwa nalo kwa maandishi!

Nikupe na aliyefanikiwa, usije ukadhani nina kinyongo tu. Oktoba 2007, Philadelphia. Mchujo wa Democrat, Hillary Clinton anaongoza kwa mbali. Usiku mzima Obama, damu yetu ya Kogelo, na mgombea mwingine, John Edwards, wanambana yeye, si wao kwa wao. Mwishoni anaulizwa kuhusu leseni za udereva kwa wahamiaji wasio na vibali huko New York, anajibu hivi, kisha anajibu vile. Edwards akasema tu kwamba amesikia mambo mawili tofauti ndani ya dakika mbili. Hakuna tusi, hakuna sauti ya juu. Januari iliyofuata Iowa ikamweka Clinton nafasi ya tatu.

Kuna ambao shambulio litawaumiza wenyewe, sikatai. Mwaka 2004 wagombea wawili wa Democrat, Dick Gephardt na Howard Dean, walichafuana Iowa hadi wapiga kura wakawakimbia wote wawili, John Kerry akapita katikati. Na Julián Castro, mgombea mwenzao wa Democrat, Septemba 2019 alimwuliza Joe Biden, aliyekuwa anaongoza, kama ameshasahau alichosema dakika mbili zilizopita. Biden hakuwa amekisema kile Castro alichomsingizia, na kejeli ya umri ikamrudia mwenyewe. Kwa hiyo uwe na ukurasa, tarehe na kikao. Mimi nilikuwa navyo vyote, nikavikalia.

Lile la "tutamhitaji baadaye", ambalo bado linanichoma: Juni 2019 Kamala Harris alimwambia Biden usoni, taifa zima likitazama, kwamba msimamo wake wa zamani wa kupinga mabasi ya kuwachanganya wanafunzi weusi na weupe shuleni ulimgusa yeye akiwa mtoto mdogo. Alipanda kwenye kura za maoni, akashuka, akajitoa Desemba. Agosti 2020 Biden huyo huyo alimchagua kuwa mgombea mwenza. Reagan naye alimchukua Bush baba kuwa mgombea mwenza 1980, baada ya Bush kuuita mpango wake uchumi wa kichawi. Wakubwa wa kweli wanavumilia. Mkubwa ni jaa, si ndivyo tulivyofundishwa? Mbona upande huo wa methali mzee wangu hakunikumbusha kwenye simu?

Na tuambiane ukweli, jamaa zangu wa ughaibuni. Hii tabia yetu ya kujiita wageni baada ya miaka ishirini, tukilipa kodi na kuzika wazazi wetu kwenye ardhi hii, ni woga tuliouvika kanzu. Kumwuliza kiongozi alikuwa wapi watoto wakiganda si utovu wa adabu. Adabu iliyonifunga mdomo usiku ule haikumsaidia mtu yeyote katika jengo lile. Unagombea ili uwasemee watu, halafu siku ya kusema unawahi kumpa pole mwenye kiti?

Basi, nimepandisha sauti. Binti yangu husema nikianza hivi sina breki.

Nilimjibu yule kijana wa Bukavu usiku ule ule. Nikamwambia aniandikie swali moja atakalomwuliza huyo mkubwa, kwa sentensi moja, linalotosha ndani ya sekunde 90 na kubakiza muda wa kunyamaza akisubiri jibu. Aliyotuma yalikuwa sentensi tisa, na ya kwanza ilianza: "Kwanza kabisa ninamuheshimu sana…"

Tumeanza kufuta.