Maswali na majibu: kupata mkono wako katika kuchora kwa duara, mraba na pembetatu

Ba yaya, salamu. Nachora kuku, samaki na nyuso kwa maumbo matatu tu. Kazi ni safi, ila inafanana na ya kila mtu. Nifanye nini? (Katuba)

Ndugu yetu, maumbo hayawezi kukutofautisha, kwani kila mtu anayo. Mkono wako utaonekana pale yanapokutana: yanagusana, yanapandana, au yanaachiana nafasi? Pembe ni kali au zimeviringwa? Tazama wachoraji wa Hangar, karakana iliyoanzishwa na Mfaransa Pierre Romain-Desfossés hapa Lubumbashi mwaka 1946, mji ulipoitwa bado Elisabethville. Bela alipaka rangi kwa ncha za vidole. Mwenze Kibwanga alijaza picha kwa vistari vifupi vilivyobanana. Ukishaziona kazi zao mara chache, utazitambua bila kutafuta sahihi.

Chukua kaye ya shule yenye miraba midogo ya milimita 5. Pima fremu 12, kila moja miraba 8 kwa 8, yaani sentimita 4 kila upande. Juu ya ukurasa andika sheria tatu, kwa mfano: hakuna duara zima, robo duara tu; kati ya vipande kuna nafasi ya nusu mraba; mstari wa kuzungushia umbo hauruhusiwi. Halafu chora kuku yuleyule katika fremu zote.

Fremu tatu nne za kwanza zitatoka kama za wengine, maana mkono hukimbilia unachokizoea: duara ndiyo kichwa, pembetatu ndiyo mdomo. Usisimame hapo, wala usibadili sheria. Kwa kuwa duara limekatazwa, itabidi umtazame kuku mwenyewe: shingo inaingiaje kifuani, mkia unainuka kwa pembe gani. Mwishoni chagua fremu mbili, uandike kando yake uamuzi unaojirudia. Uhamishe uamuzi huo kwa samaki, kisha kwa nyuso. Uamuzi ukikataa kuhama, basi sheria ilikuwa ya kuku tu, tafuta nyingine. Wengi hupotea hapa kwa sababu hubadili kila kitu kwa pamoja, wasijue kilichofanya kazi ni kipi.

Duara langu la milimita 40 linaonekana dogo kando ya mraba wa milimita 40. Nimekosea kupima? (Kamalondo)

Hapana, dada. Mraba huo una eneo la milimita za mraba 1,600, duara lina kama 1,257. Anza na duara la milimita 42 au 43, kisha uamue kwa jicho. Ukiweka pembetatu ya pande sawa ndani ya duara, kitovu chake kiko theluthi moja ya kimo kutoka kitako, si nusu. Ukitumia nusu, itaonekana imeteleza.

Nataka croisette ya shaba, ule msalaba wa Katanga wenye umbo la X, ionekane katika kazi zangu, lakini nikiiweka inageuka nembo ya jimbo. (Ruashi)

Kwa sababu unaiweka nzima, tena katikati. Panga misalaba minne, miwili juu na miwili chini, ncha zikigusana. Kati ya kila misalaba miwili jirani patabaki umbo la pembe nne lililosimama kwa ncha. Paka rangi nafasi hiyo, misalaba yenyewe uiache tupu. Au kata mkono mmoja tu, unaopanuka kuelekea mwisho, uutumie kama bawa, jani au sikio. Sisi tunapenda zaidi njia hii ya pili: shaba inabaki ndani ya kazi bila kutangazwa.

Kwenye kompyuta ni safi. Kwenye tisheti vimetokea vijistari vyeupe kati ya rangi. (mtaa wa Kenya, Lubumbashi)

Mama, katika serigrafi, yaani uchapaji wa kupitisha wino kwenye wavu uliokazwa katika fremu, kila rangi ina fremu yake, na kitambaa husogea kidogo. Rangi nyepesi ipite chini ya rangi nzito kwa milimita 0.3 hadi 0.5, na nzito ichapwe mwisho. Nafasi uliyoikusudia kati ya maumbo isipungue milimita 1, la sivyo wino utaiziba. Mpe mchapaji faili ya SVG au PDF, usimtumie picha ya skrini kwa WhatsApp: kingo za duara zitatoka na ngazi. Kabla ya kulipia zote, omba achape moja kwenye kitambaa kilekile.