Masika yamekolea: twende Tanga au tuahirishe?

Barua za safari hii zimetoka kwa wasomaji waliokwisha kulipia mapumziko ya baharini mkoani Tanga na sasa wanatazama mawingu.

SWALI: Tumelipia nusu ya gharama za nyumba ya wageni Kigombe, njia ya Tanga kwenda Pangani, siku nne kuanzia 30 Aprili. Simu yangu inaonyesha wingu lenye radi siku zote nne. Baba watoto anataka tuahirishe, mimi naona fedha zitapotea. Tufanyeje? *Mama wa watoto watatu, Moshi*

JIBU: Mama, usiahirishe kwa sababu ya kiwingu cha kwenye simu. Mwisho wa Aprili ni katikati ya masika, na kipindi hicho simu huchora radi karibu kila siku, hata kama mvua yenyewe itanyesha kwa muda mfupi kabla hakujapambazuka. Pwani, mvua za masika mara nyingi hushuka usiku na alfajiri, kisha mchana jua hutoka. Mvua peke yake italowesha nguo. Kinachovunja mapumziko ya baharini ni upepo, maana ndio unaoinua mawimbi, unaochafua maji na unaozuia boti kutoka.

Kwa hiyo soma taarifa za Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA), ambayo hutoa utabiri wa siku tano wa hali mbaya ya hewa kwa rangi. Njano ni angalizo, rangi ya chungwa ni tahadhari, nyekundu ni tahadhari kubwa. Usiishie kwenye rangi. Chini yake huandikwa uwezekano wa kutokea na kiwango cha athari, na njano yenye uwezekano mdogo si sawa na njano yenye uwezekano mkubwa. Angalia pia eneo: Tanga imo katika "pwani ya kaskazini" pamoja na Dar es Salaam, Pwani, Unguja na Pemba. Ikitajwa "pwani ya kusini", hiyo ni Lindi na Mtwara.

Ushauri wetu ni huu. Likitolewa angalizo la mvua tu, nendeni, na mbebe karata na makoti ya mvua. Likitolewa angalizo la upepo unaofikia kilomita 40 kwa saa na mawimbi ya mita 2, mnaweza kwenda, lakini futeni safari ya boti na kuogelea. Mkiona bila hayo hamna sababu ya kwenda, hamisheni tarehe. Ikifika rangi ya chungwa au nyekundu kwa mkoa wa Tanga, msisafiri.

Tatizo ni kwamba utabiri unaoaminika huja siku tano kabla, ilhali nyumba nyingi za wageni hutaka taarifa mapema kuliko hapo. Piga simu leo, uliza siku ya mwisho ya kubadilisha, na uombe kuhamisha tarehe badala ya kurudishiwa fedha. Mwenye nyumba aliyekwisha kununua vyakula na kulipa vibarua hukubali kuhamisha kwa urahisi zaidi kuliko kurudisha. Baada ya simu tuma ujumbe: "Tunaomba, TMA wakitoa tahadhari ya rangi ya chungwa au nyekundu kwa Tanga, tuhamishe siku zetu nne bila kuongeza malipo, na fedha tuliyotanguliza ihesabiwe. Tafadhali tuthibitishie kwa maandishi." Maneno ya kwenye simu husahaulika, ujumbe unabaki.

Mkihamisha, msikimbilie Juni au Julai kwa kudhani mvua ikikatika bahari imetulia. Miezi hiyo upepo wa kusi una nguvu. Tafuteni Septemba hadi mwanzoni mwa Oktoba, au mwisho wa Februari upepo wa kaskazi unapolegea.

Kuhusu barabara, Moshi hadi Tanga kupitia Same, Korogwe na Segera ni lami, lakini lami haizuii maji ya mlimani. Ondokeni alfajiri mfike kabla ya giza. Mkikuta maji yanakatiza barabara kwa kasi, simameni: sentimita 30 tu huweza kuielesha gari ndogo, na 60 huchukua hata gari kubwa la familia. Usiku hamtaona kina hicho.

SWALI: Tunataka kwenda Maziwe kwa boti kutoka Pangani. Nahodha anasema upepo ni mdogo, tutaenda tu. Nitajuaje kama ni salama? *Kijana wa Morogoro*

JIBU: Ndugu, kabla ya upepo uliza maji. Maziwe, hifadhi ya bahari tangu 1975, leo ni fungu la mchanga linalofunikwa maji yakijaa, kwa hiyo safari yote hufuata kupwa, yaani maji yanaposhuka. Siku za bamvua, yaani maji yanapojaa na kupwa sana wakati wa mwezi mpevu au mwezi mwandamo, maji hujaa karibu saa kumi alfajiri na saa kumi jioni, na kupwa huwa karibu saa nne asubuhi. Kila siku saa hizo husogea mbele kwa dakika 50 hivi. Wiki moja baadaye, siku za maji mafu yanayojaa na kupwa kidogo tu, asubuhi unakuta maji yamejaa na kupwa ni jioni, wakati upepo nao umeshapanda. Chagua siku za bamvua.

Hatari kubwa kuliko zote iko kwenye mlango wa Mto Pangani, na wageni wengi hawaijui. Asubuhi ya bamvua, saa moja au saa mbili, maji yanakupwa kwa kasi kuelekea baharini, na wakati wa masika mto umejaa unaongeza nguvu. Upepo ukivuma kutoka baharini kuyakabili maji hayo, mawimbi husimama wima, mafupi na yaliyobanana, na boti huingiza maji kwa mbele hata kama bahari ya nje inaonekana shwari. Simama ufukweni utazame pale mlangoni. Ukiona mstari wa povu umekatiza mlango wote, usipande. Vilevile bahari ya mbali ikianza kuwa na vichwa vyeupe kila mahali, upepo umeshafika kilomita 20 na zaidi kwa saa, na kurudi kutakuwa kugumu kuliko kwenda.

Kisha kagua. Jaketi la kuokolea liwe moja kwa kila kichwa, na la mtoto lijaribiwe nchi kavu: lifunge, kisha mwinue kidogo kwa kushika mabega ya jaketi. Likipanda hadi masikioni, ni kubwa kwake na litamchomoka majini. Mafuta yawe theluthi ya kwenda, theluthi ya kurudi, na theluthi ya akiba. Nahodha mzuri hachukizwi na maswali haya.

SWALI: Kimbunga kinaweza kufika Tanga kweli? *Msomaji, Dodoma*

JIBU: Ni nadra. Vimbunga huhitaji msukumo wa mzunguko wa dunia ili vijizungushe, na msukumo huo ni hafifu karibu na ikweta. Tanga iko nyuzi 5 tu kusini yake. Jobo ya Aprili 2021 ilidhoofika kabla ya kufika pwani. Hidaya iliingia Mafia 4 Mei 2024. Lakini nadra si kamwe: kimbunga cha 1872 kiliipiga Zanzibar na Bagamoyo. Hata kikipita mbali huleta mawimbi na kusimamisha boti, kwa hiyo kikitajwa kuelekea pwani yetu, hamisha tarehe bila kungoja rangi ibadilike.

SWALI: Mvua ikikatika, watoto waingie majini mara moja? *Bibi wa wajukuu wanne, Korogwe*

JIBU: Hapana, bibi. Maji ya mvua huleta uchafu wa mitaro na vyoo, na karibu na mito huleta magogo yasiyoonekana. Wasubiri angalau siku moja, na zaidi kama maji bado ni ya kahawia. Radi nayo ina kipimo chake: ikimulika, hesabu. Ngurumo ikisikika kabla ya kufika 30, wote watoke majini waingie nyumbani au ndani ya gari, wala si chini ya mnazi. Warudi dakika 30 baada ya ngurumo ya mwisho, na kila ikinguruma tena hesabu ianze upya.