Nililala na Njaa, Sukari Ikapanda

Mwaka wa pili tangu niambiwe nina kisukari cha aina ya 2, nilijitungia dawa yangu mwenyewe: kutokula usiku. Hesabu ilikuwa nyepesi. Sukari inatoka kwenye chakula; nisipokula itatoka wapi? Nikalala na njaa siku nne mfululizo. Usiku wa kwanza mashine ya kupimia sukari ilisoma 7.4, alfajiri 9.8, na siku zilizofuata mambo yakawa yale yale. Nilianza kuishuku mashine, nikafungua kopo jipya la vijiti vya kupimia. Jibu halikubadilika.

Nikaenda kliniki nimenuna. Muuguzi akapekua daftari langu, akacheka kidogo. "Tumbo umelinyima. Na ini je?"

Siku niliyogunduliwa nilielezwa kwamba insulini ni ufunguo: inafungua mlango wa seli, sukari inaingia. Huenda nawe ulielezwa hivyo. Si uongo, misuli na mafuta ya mwili vinaihitaji ili kuchukua sukari baada ya mlo. Lakini ukibaki na picha ya ufunguo peke yake, utaamini kwamba adui yako ni sahani tu, kama nilivyoamini mimi. Insulini ina kazi nyingine: kuliambia ini litulie.

Ini ni ghala. Ukila, kongosho linatoa insulini, na kwa kuwa damu yake hupitia kwanza kwenye ini, ini ndilo linalopata habari mapema kuliko viungo vingine. Linaacha kutoa sukari, linaanza kuweka akiba. Ukilala, insulini inashuka, nalo linaitoa akiba ile kidogo kidogo ili ubongo usikose chakula usiku kucha. Akiba ikipungua, linatengeneza sukari mpya kutokana na protini na vitu vingine vilivyomo mwilini. Mtu mzima wa afya ana insulini kidogo ya usiku inayotosha kulizuia lisipitilize. Ini langu mimi ni zito wa kusikia, na kongosho langu limeishiwa sauti. Ikikaribia alfajiri homoni za kuuamsha mwili zinalichochea zaidi, basi linamwaga.

Uzito huo wa kusikia si habari ya jana. Mwaka 1936 Harold Himsworth, daktari wa London, aliwapa wagonjwa sukari na insulini kwa pamoja. Kwa wengine sukari ya damu ilidhibitiwa, kwa wengine insulini ile ile haikufua dafu. Akasema haya ni magonjwa ya namna mbili, wakati wengi waliona kisukari ni upungufu wa insulini basi.

Na kujinyima kwangu kulikuwa na ukoo wa zamani kuliko nilivyodhani. Kabla ya insulini, tiba iliyotegemewa ilikuwa njaa; daktari Frederick Allen wa Marekani ndiye aliyejulikana nayo sana. Ilirefusha maisha kidogo, huku watoto wakibaki mifupa. Leonard Thompson, kijana wa miaka 14 aliyelazwa Toronto, alikuwa na uzito wa kilo 29 hivi alipochomwa insulini tarehe 11 Januari 1922. Sindano ile haikumfaa, dawa haikuwa safi. Mkemia James Collip akaisafisha, na tarehe 23 wakajaribu tena, sukari ikashuka. Aliishi miaka 13 zaidi. Kila nikisoma habari zake naona aibu kidogo, maana mimi nilijinyima kwa hiari huku dawa iko kwenye friji ya kliniki.

Ndiyo, niliikataa. Daktari alipendekeza insulini ya usiku, nami karibu mwaka mzima nikadai kwamba sindano ni za waliofika mwisho. Utafiti mkubwa wa Uingereza uliotolewa mwaka 1998 ulionyesha kwamba kwa wenye aina ya 2 kongosho huendelea kuchoka kadiri miaka inavyopita, hata kwa wanaotibiwa. Kwa hiyo kuhitaji sindano si alama ya uzembe. Laiti ningeambiwa hivyo mapema.

Ukiona asubuhi yako haieleweki, pima unapolala na unapoamka kwa wiki moja, na usiku mmoja au miwili pima saa tisa pia. Andika. Daktari atasoma mengi humo kuliko kwenye namba moja ya kliniki. Usifute chakula cha usiku bila kumuuliza, hasa kama unatumia insulini au vidonge vinavyolisukuma kongosho, kwani sukari inaweza kushuka ukiwa usingizini. Tembea baada ya kula. Misuli inayofanya kazi huchukua sukari hata pale insulini inaposikika kwa shida. Mwenye aina ya 1, ambaye kongosho lake halitoi insulini au hutoa kidogo mno, asiache insulini hata siku moja, hata kama hajala. Akiugua ndipo aulize dozi.

Kuhusu sindano yenyewe, kinachouma ni kuifikiria. Hamisha mahali pa kuchoma kila siku, la sivyo ngozi hufanya uvimbe na dawa hainyonywi vizuri. Chupa ambazo hazijafunguliwa zikae kwenye friji, mbali na sehemu ya barafu. Iliyowahi kuganda itupe, hata kama imeyeyuka na inaonekana safi.