Uzee wa nyumba peke yake hautoshi

Ndugu uliyeuliza kama nyumba ya kale hapo Kisutu, Dar es Salaam, inalindwa kwa uzee wake tu: hapana, na hapo ndipo wengi hukwama. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda moja kwa moja majengo ya kabla ya 1863. Magofu ya Kunduchi yamo. Katikati ya mji karibu hakuna kitu. Hata Boma la Kale, la enzi za Sultan Majid, lilijengwa baada ya hapo. Majengo mengine hayalindwi mpaka waziri ayatangaze kwenye Gazeti la Serikali.

Kwa hiyo itisheni mkutano wa mtaa, mpate muhtasari wenye sahihi, picha za kila upande (milango na dari msisahau), nakala ya hati na ridhaa ya mwenye nyumba, ndipo mwandike barua Idara ya Mambo ya Kale kuomba nyumba itangazwe.

Mkisubiri, fundi asiguse ukuta kwa saruji! Kuta za nyumba za kale za mawe ya matumbawe zinataka chokaa. Saruji hufungia unyevu na chumvi ndani, plasta inabanduka vipande vipande, na ncha za boriti zinaoza mlemle ukutani. Chokaa ndoo 1 kwa mchanga 3, usiwe wa ufukweni, na mnyunyizie maji isikauke haraka.