Mkuu, hiyo kaunta ya mvuto itakuliza

Mkuu, simama hapohapo, usiandike mstari mwingine. Umesema unatengeneza gemu la kurukaruka la Famicom, ile mashine ya gemu ya zamani ya Nintendo, kwa asembli, yaani amri za chipu moja kwa moja, na kwa kuwa chipu haijui desimali, mvuto utauongeza pikseli moja kila fremu (picha moja ya skrini) ya sita, kaunta moja kwa vitu vyote. Nimesoma nikiwa ndani ya mwendokasi, nikapitiliza kituo. Hiyo kaunta naijua. Imenila miezi minne na pedi tatu za kuchezea gemu.

Pedi zinahusikaje? Subiri.

Nilifanya hivyohivyo. Kasi ya kuanza kuruka pikseli 4 kwa fremu, kila fremu ya sita inapungua 1. Nikajaribu mara mbili tatu kwenye emuleta, programu inayoiga Famicom kwenye kompyuta, jamaa wa kwenye gemu anaruka vizuri, nikajiona injinia. Nikachora hatua 11, karibu zote zina vibaraza vya matofali matatu kwenda juu, yaani pikseli 48. Halafu nikampa mpwa wangu wa miaka tisa acheze. Mara anapanda, mara anagonga kibaraza anadondoka, na kitufe ni kilekile. Akaniuliza, "Anko, huyu mtu leo amekula?"

Nikasema pedi mbovu. Nikaenda Kariakoo, nikanunua nyingine. Vilevile. Nikarudi kugombana na muuzaji, akanibadilishia shingo upande. Ya tatu nilinunua duka lingine kwa aibu. Muuzaji wa kwanza, kama upo humu, nisamehe. Haikuwa pedi.

Kaunta haina habari na kidole chako, inahesabu tu. Ukibonyeza ikiwa karibu kugonga sita, unapata fremu moja tu ya kasi 4, kisha fremu sita sita za kasi 3, 2 na 1, yaani 18, 12 na 6. Jumla pikseli 40. Ukibonyeza ndiyo kwanza imeanza upya, unapata fremu sita za kasi 4, ambazo ni 24, ongeza zile 36, unafika 60. Kitufe kimoja, tofauti pikseli 20, tofali zima na ziada! Kibaraza changu cha 48 kilikuwa kinafikika mara nne kati ya sita. Hilo si gemu, ni bahati nasibu.

Na usiniambie utaipa kila kitu kaunta yake na kuianzisha upya anaporuka. Nilipita huko pia. Urefu unakuwa sawa, lakini jamaa anapanda na kushuka kwa vipande kama lifti ya jengo la zamani.

Aliyeniingiza mkenge ni mtu wa kundi la WhatsApp anayejiita mkongwe. "Chipu ya Nintendo imeondolewa desimali, sahau nusu pikseli." Alichosikia ni kweli: 2A03, chipu iliyomo ndani ya Famicom, ni aina ya chipu ya 6502 ambayo hali yake ya desimali haifanyi kazi. Lakini hali hiyo ni ya kuhesabu tarakimu kumikumi ndani ya baiti, kama alama za mchezaji. Haina undugu wowote na nusu pikseli! Yeye alikamata neno, akalijengea ghorofa. Mimi nikapanga chumba.

Sasa sikia. Mahali alipo jamaa na kasi yake, kila kimoja kipe baiti MBILI. Ya juu ni shilingi, ya chini ni senti, ila shilingi hii ina senti 256. Kwenye skrini unaonyesha shilingi tu. Senti zinabaki mfukoni lakini zinahesabiwa. Mvuto wangu leo ni senti 46 kila fremu, na kasi ya kuruka ni senti −922 (hasi ni kwenda juu), yaani $FC66 kwa namba za kumi na sita. LDA inachukua, ADC inajumlisha pamoja na cha kubeba, STA inahifadhi:

CLC
LDA kasi_chini
ADC #46
STA kasi_chini
LDA kasi_juu
ADC #0
STA kasi_juu

Kisha jumlisha kasi kwenye mahali kwa mtindo huohuo, chini kwa chini, juu kwa juu. CLC, inayofuta cha kubeba, ni moja, mwanzoni. Ukichomeka nyingine katikati, senti zikijaa shilingi haivuki, inapotea njiani. Na hiyo ADC #0 si pambo, ndiyo inayoipokea.

Matokeo: fremu 20 kwenda juu, pikseli 34, kila mara, hata ukibonyeza usiku wa manane. Ningeweza kuongeza kasi nifikie zile 48, ila mruko wa matofali mawili ndio ulionoga mkononi, hivyo hatua zote 11 nilichora upya. Hapo ndipo miezi ilipokwenda, pamoja na umeme kukatika sijahifadhi, lakini hiyo siwezi kumlaumu mkongwe. Ningeweza.

Uliuliza pia sauti ya kuruka, na kama laptopu ya RAM 2 GB inatosha. Inatosha, Famicom yenyewe ina RAM kilobaiti 2. Sauti sijui, jamaa yangu mpaka leo anaruka kimya. Umeshaifuta hiyo kaunta?