Jibu: Pat Summitt na miaka 38 Tennessee

Ndugu yangu, umeuliza kama ni kweli Pat Summitt, kocha wa mpira wa kikapu wa Marekani, alifundisha timu moja tu ya chuo maisha yake yote. Ni kweli. Aliichukua timu ya wanawake ya Chuo Kikuu cha Tennessee mwaka 1974 akiwa na miaka 22, akaiacha 2012. Misimu 38, ushindi 1,098, ubingwa wa taifa mara 8.

Mimi hunigusa zaidi ule mwanzo. Mshahara ulikuwa dola 250 kwa mwezi. Gari la timu aliliendesha mwenyewe na jezi alizifua mwenyewe. Wachezaji wake walikaribiana naye umri, na yeye bado alikuwa anacheza: mwaka 1976 alileta medali ya fedha ya Olimpiki kutoka Montreal. Miaka 8 baadaye akarudi Olimpiki kama kocha, safari hii dhahabu.

Msimu wa 1997/98 timu yake ilishinda mechi 39 bila kupoteza hata moja. Lakini ukiniuliza fahari yake kubwa iko wapi, nitakwambia darasani: kila mchezaji aliyemaliza muda wake wote wa kucheza pale alihitimu. Kwangu hilo linazidi makombe.

Mwaka 2011 alitangaza kuwa ana ugonjwa wa Alzheimer, wa kupoteza kumbukumbu, ule unaoanza mapema. Alifundisha msimu mmoja zaidi, kisha akamwachia kiti msaidizi wake, Holly Warlick, aliyewahi kuwa mchezaji wake. Summitt alifariki Juni 2016, akiwa na miaka 64.