Mwanangu, kuhusu chuo na uamuzi wa besiboli

Mwanangu Salim,

Marahaba. Umeniuliza kama nitakasirika ukiacha chuo mwaka huu wa pili ili uwe mwamuzi wa besiboli. Sikasiriki. Baba yako ndiye anayeuliza kama hiyo ni kazi au ni mchezo; huyo niachie mimi.

Moyo wa kazi unao. Siku ile ya mechi ya watoto yule mzazi alikutukana kila mpira ulipopita, nusura nimrushie kandambili. Wewe ukatoa brashi mfukoni, ukainama, ukapangusa kile kibao cha chini anaposimama mpigaji, taratibu, mchezo ukaendelea.

Shida ni nafasi. Ligi Kuu nzima ya Marekani ina waamuzi wa kudumu 76 tu, na huingii mpaka mmoja wao atoke. Kabla ya hapo unapanda ngazi za ligi ndogo hadi Triple-A, ile ya juu kabisa, na wengi huchukua miaka saba, kumi, wakiendesha gari usiku mji hadi mji. Wasipoona pa kukupandisha, wanakuachisha, hata kama hukuharibu. Na msimu ukiisha Septemba, mshahara nao basi. Oktoba mpaka Machi utakula nini? Hapo barua yako imenyamaza.

Najua hawadai shahada, cheti cha sekondari kinatosha. Lakini mtazame Jen Pawol, mwanamke wa kwanza kuchezesha mechi ya Ligi Kuu, Agosti 2025 kule Atlanta. Alishasoma, akafundisha sanaa, ndipo akaingia ligi ndogo mwaka 2016. Shule haikumfungia mlango.

Kuhusu kamera, kwamba tangu 2026 mchezaji anagusa kofia kupinga uamuzi wa straiki, yaani kama mpira umepita sawasawa mbele ya mpigaji, na mashine inaamua, mimi hazinitishi. Kwenye besi, vile vituo wanavyokimbilia wachezaji, na kwenye ugomvi, bado anatakiwa mtu.

Kwa hiyo maliza chuo. Jioni chezesha mechi za sekondari, angalau zinalipa. Nenda pia kwenye kambi za waamuzi za Ligi Kuu. Zile za siku moja hawatozi ada, na huko ndiko wanakotafuta vijana. Wakikutaka kabla hujamaliza, nipigie mimi kwanza, tuone masomo ya mtandaoni.

Na kinga yako ya kifua imepasuka ubavuni, niliiona. Ijumaa nakutumia pesa ya nyingine. Usinunulie viatu.

Mama